Mikono Themanini ya Kushoto

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na bawaba zake bado zimo. Ukikaa kizembe bawaba inakuchana suruali, na suruali iliyochanika inaishia dukani kwa Futikamba, fundi cherehani, hatua nne nyuma ya benchi. Wenye midomo yao wanasema ndiyo maana bawaba hazijang'olewa mpaka leo. Kulia ni karakana ya Spana, fundi baiskeli, mtu ambaye hakuna aliyewahi kuiona mikono yake bila grisi. Kushoto anakaa Bi Birika na jiko lake la mkaa, anamimina kahawa na kusikia kila kitu huku amejitia hamnazo. Mwalimu, mstaafu wa hisabati, hana kazi pale. Kazi yake ni kukaa katikati ya benchi na kusahihisha watu. Alasiri ile ya Jumatano, saa tisa na robo, wote walikuwa mahali pao, isipokuwa Futikamba. Alitoka dukani futikamba inaning'inia shingoni, amebeba mikono miwili ya koti isiyo na koti, akaibwaga juu ya benchi kwa ghadhabu mpaka kahawa ya Mwalimu ikamwagika sahanini.

— Haya, tazameni! Tazameni kazi ya shemeji yangu!

Mwalimu alikiokoa kikombe kwanza. Kisha akaweka miwani sawa, akaushika mkono mmoja kwa ncha za vidole.

— Naona mikono ya koti, alisema. Imekatwa vizuri.

— Vizuri? Huo ni wa upande gani?

— Wa kushoto.

— Na huo mwingine?

Mwalimu aliugeuza, akaulaza, akaugeuza tena. Spana akainua shingo kutoka kwenye gurudumu alilokuwa analiziba.

— Huu nao wa kushoto, Mwalimu alisema polepole.

— Na ndani imo mingine sabini na minane! Futikamba alipaza sauti mpaka mtu wa ng'ambo ya barabara akageuka. Yote ya kushoto! Yote! Makoti arobaini, na hakuna mkono wa kulia hata wa dawa!

Spana alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimponyoka tu, na Futikamba akamkata jicho.

— Samahani, fundi. Nauliza tu. Ukiugeuza ndani nje si unakuwa wa kulia?

— Ndani nje! Ebo! Spana, hiki kitambaa kina uso na mgongo. Uso unang'aa, mgongo umefifia. Nikigeuza, daktari atavaa koti mkono mmoja mpya, mwingine kama umefuliwa miaka sita. Utakubali mtu wa namna hiyo akudunge sindano?

— Mimi sindano sikubali hata akiwa na koti zima.

— Basi funga bakuli lako, uzibe pancha!

Hasira yenyewe ilikuwa na haki yake. Makoti yalikuwa ya zahanati mpya, ya kupelekwa keshokutwa Ijumaa. Siku hizi watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari, zimefungwa kwenye nailoni, na fundi anaachiwa kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Futikamba alikuwa amemaliza miezi minane anapunguza suruali. Ndipo zahanati ikamwambia: tushonee haya arobaini, yakitoka safi wewe ndiye fundi wetu kila mwaka, makoti, mashuka, mapazia, kila kitu. Kwa hiyo ile haikuwa kazi ya wiki moja. Lilikuwa duka lenyewe, miaka kumi na tisa ya duka, na aliyekata mikono themanini ya kushoto alikuwa mume wa mdogo wake wa kike.

Mume huyo watu wanamwita Jokeri. Ni mkataji wa vitambaa, tena mkataji hodari, Futikamba mwenyewe alimfundisha. Ugonjwa wake ni poka. Si poka ya kukaa na watu mkatazamana usoni. Ni ya kwenye simu, ya pesa halisi, na watu asiowajua sura wala kabila, kila siku iendayo kwa Mungu. Jina la Jokeri analikataa kila akiitwa, anasema poka haina jokeri, na hakuna anayemsikiliza.

— Yuko wapi sasa hivi? Mwalimu aliuliza.

— Nimemtuma kwa muuza vitambaa akatafute jora la rangi ileile. Na akirudi, nyie nyote muwe mashahidi, akirudi namfukuza. Hapahapa. Mbele yenu. Atoke na mkasi wake na simu yake.

Bi Birika aliacha birika lining'inie hewani.

— Na mdogo wako?

— Amenisikia.

Ni kweli alisikia. Ndani ya duka mashine ya ovaloki, ile ya kufunga nyuzi za pembeni, ilinyamaza kidogo, kisha ikanguruma kwa nguvu kuliko mwanzo. Mdogo wake ndiye anayeiendesha, watu wanamwita Dada Ovaloki, na yeye ndiye aliyeligundua balaa. Mchana ule alichukua mkono wa pili aunge kwenye koti la kwanza, mkono ukakataa kukaa. Akachukua wa tatu, ukakataa. Akachukua wa kumi. Hakupiga kelele. Aliinuka, akaipanga yote mezani mmoja mmoja, akaenda kunawa uso, akarudi akakaa kwenye mashine yake akaanza kufunga vitu ambavyo havikuhitaji kufungwa.

— Mimi nasema shida si poka, Spana alirusha neno, maana kunyamaza hakuwezi. Shida ni mpangilio. Mtu anaweza kucheza na akafanya kazi. Mimi si naziba pancha huku nasikiliza mpira?

— Redio haikuulizi kitu! Futikamba alifoka. Ile simu inamuuliza kila nusu dakika: unaongeza, unaweka, unatupa? Unaongeza, unaweka, unatupa? Ni mke wa pili ule!

— Wahenga walisema, Mwalimu alianza.

— Waache wahenga wapumzike, Mwalimu! Wahenga hawakuwa na simu!

Wakati huohuo Jokeri alitokeza kwenye kona. Mrefu, mwembamba, shati limenyooshwa vizuri, na mkononi hana jora. Ameshika kipande cha kitambaa kisichozidi leso.

— Hakuna, alisema. Jora letu lilikuwa la mwisho. Lililopo ni la mzigo mwingine, rangi imepishana.

Alikiweka kile kipande kando ya mkono wa koti. Hakuna aliyehitaji miwani kuona. Futikamba hata hakutazama. Alikuwa anatazama mfuko wa shati la shemeji yake, simu imechungulia nje.

— Unacheza sasa hivi?

— Sichezi, shemeji.

— Mbona inatetemeka?

— Inanikumbusha tu. Saa tisa na nusu ni kipindi changu.

— Kipindi! Futikamba alipiga makofi mawili makali. Jamani, mmesikia kwa masikio yenu? Nyumba inaungua, bwana mkubwa ana kipindi!

Jokeri hakujibu kwa ukali. Hilo ndilo lililokuwa linamtia Futikamba wazimu kuliko yote, ule upole. Mtu umemkosea, umemharibia, halafu unaongea naye kama karani wa benki.

— Nina ratiba, shemeji, na uliikubali wewe mwenyewe, ipo ukutani. Nusu saa kabla ya kufungua duka. Nusu saa ya chakula. Nusu saa ya alasiri. Sichezi mashindano, mashindano yanakufunga masaa sita huwezi kuinuka hata kwenda chooni. Mimi nakaa meza ya pesa taslimu. Pale unaingia na kutoka unavyotaka. Mteja akija unasimama, unamhudumia, unarudi. Ndiyo poka ya mtu mwenye kazi yake.

— Unasimama wakati wowote? Bi Birika aliuliza, macho kwenye mkaa.

— Wakati wowote, Bi.

— Hata ukiwa unapoteza?

— Aa, ukipoteza husimami hapohapo. Unajitahidi kwanza urudi ulipoanzia.

— Na ukiwa unashinda?

— Ukishinda nani anainuka? Bahati imekaa.

— Na ukiwa hushindi wala hupotezi?

— Hapo unasubiri karata.

Bi Birika akapuliza majivu, akamimina kikombe, akampa.

— Kunywa, mwanangu, alisema. Unahitaji.

Spana alicheka tena, safari hii kwa makusudi. Jokeri akameza kahawa bila kuipuliza, ikamuunguza, akavumilia.

— Nina masharti pia, aliendelea. Sichezi nikiwa nimechoka. Sichezi na pesa ya chakula. Na sharti la tatu ndilo kubwa: simu na mkasi havikai mkononi pamoja. Tangu nianze, miaka mitatu, sharti hilo sijalivunja.

— Mwongo! Futikamba alisema.

— Sijalivunja.

Mwalimu alikuwa amekaa kimya muda mrefu kuliko afya yake inavyoruhusu, akaona nafasi.

— Mimi kwa maoni yangu mnakosea mahesabu, alisema. Tatizo ni kuwa mchezaji na mkataji ni mtu mmoja. Watenganishwe. Jokeri anunue kofia nyekundu. Akiivaa, ni mchezaji, haruhusiwi kugusa kitambaa wala kusalimiwa na mteja. Akiivua, ni mkataji, haruhusiwi hata kuzijua karata. Mtu akimkuta na kofia amegusa mkasi, anampiga faini.

— Kofia ataisahau kichwani, Spana alisema. Sikiliza ufundi huu. Cherehani ina pedali, sivyo? Mimi nafunga dainamo ya baiskeli kwenye pedali. Waya unakwenda kwenye simu. Simu tunaitoa betri. Akishona, simu inawaka, anacheza. Akiacha kushona tu, puu, imezimika. Kwa hiyo hawezi kucheza bila kufanya kazi. Mmeona? Kazi inalisha poka, poka inasukuma kazi!

— Yeye ni mkataji, hashoni, Mwalimu alisahihisha.

— Basi mkasi tuutie dainamo!

— Atakata kitambaa kimoja mpaka Krismasi, alisema Bi Birika.

— Au tuache kuzunguka mbuyu, Spana alisimama kabisa, mikono ya grisi hewani. Jokeri, kwa mwezi unashinda?

— Mwezi hauko sawa na mwezi. Lakini nikihesabu mwaka, nashinda.

— Umesikia, Mwalimu? Mwaka anashinda! Na hapo anacheza kwa kuibia nusu saa nusu saa. Sasa akicheza siku nzima? Tumuachishe kazi! Mtaa mzima tuwe kampuni. Tumkodishie chumba chenye feni, kiti cha kuzunguka, simu tatu. Bi Birika kahawa. Mimi naacha baiskeli, nakuwa meneja wa chaji. Anacheza, tunagawana.

— Mhasibu lazima awe mtu wa hisabati, Mwalimu alisema haraka.

— Utakuwa wewe, nani mwingine?

— Na kahawa yangu si ya bure, Bi Birika alisema. Nataka hisa.

— Hisa ngapi?

— Kama zako.

— Kama za meneja? Kwa kumimina maji ya moto?

— Nyamazeni!

Futikamba alipiga benchi kwa kiganja, ile mikono miwili ya kushoto ikaruka ikaanguka chini, na hakuna aliyeinama kuiokota.

— Nyamazeni nyote! Mimi duka langu linazikwa hapa, nyie mnagawana vyeo! Miaka kumi na tisa! Nilianza na cherehani ya kuazima, nikakaa kwenye baraza la mtu, mvua ikinyesha nafunika kitambaa kwanza ndipo nijifunike mimi! Halafu huyu, niliyemfundisha kushika mkasi, niliyempa mdogo wangu nikasema huyu ni mtu, huyu anakata mikono themanini ya kushoto kwa sababu ya karata za kwenye kioo! Jokeri, toka. Leo. Chukua vitu vyako, toka dukani kwangu.

Mashine ndani ikanyamaza. Jokeri akaweka kikombe chini taratibu.

— Sawa, shemeji. Nipe sababu.

— Sababu? Sababu themanini zimelala mezani!

— Hizo nimeziona. Sitaki kuzikana, nilitandika kitambaa vibaya, ni mimi. Nilitandika tabaka zote uso juu, badala ya uso kwa uso. Kosa la mwanafunzi. Lakini wewe umesema nilikuwa nacheza.

— Ulikuwa unacheza! Jumanne, saa saba na nusu, simu inalia, na wewe unakata!

— Jumanne nilikata kwa mikono miwili. Wa kushoto nimebana kitambaa, wa kulia nina mkasi. Simu ilikuwa wapi?



Futikamba alijua ilikuwa wapi. Tangu mchana, tangu alipoiona ile mikono imepangwa mezani, alikuwa anajua, na alikuwa anapiga kelele ili asijisikie. Na kelele zilikuwa zinamsaidia vizuri mpaka sasa.

— Simu ilikuwa wapi, shemeji?

— Usinigeuzie kibao.

— Naulizia simu tu.

— Ulinipa wewe! Futikamba alilipuka. Wewe ndiye uliyenipa! Ulisema nishikie dakika mbili!

Spana aliketi. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili asikie vizuri.

— Nilikuambia dakika mbili, Jokeri alisema, na sasa sauti yake nayo ilianza kupanda. Kwenye meza ya poka kulikuwa na mtu anamwaga pesa, hajui anachofanya, mtu kama huyo humpati kwa mwezi mara mbili. Kitambaa kinangoja, sharti langu linasema simu na mkasi havikai pamoja. Nikakupa simu. Nikatandika. Mimi natandika, wewe unanitajia karata. Una saba na mbili. Nikasema tupa. Una tisa na nne. Nikasema tupa. Nikamaliza kutandika, nikasema shemeji, basi, nirudishie. Ulinirudishia?

— Nilikuwa katikati ya mkono wa karata!

— Robo tatu ya saa ulikuwa katikati ya mkono!

— Wewe ndiye uliyenifundisha!

— Na kukagua nani alinifundisha?

Hapo pakauma. Maana duka la Futikamba lina sheria moja tu, na kila aliyepita pale anaijua hata kama alikuja kujifunza kushona vifungo. Mmoja anatandika, mwingine anasimama upande wa pili wa meza, anapitisha vidole kwenye kila tabaka aone uso umekutana na uso, ndipo anatamka: kata. Neno hilo lisiposemwa, mkasi haufunguki. Na Jumanne ile sheria ilifuatwa. Mmoja alitandika. Mwingine alisimama upande wa pili wa meza. Neno likatamkwa.

— Nilikusikia, kaka.

Dada Ovaloki alikuwa amesimama mlangoni, nyuzi zimemganda kwenye sketi, macho mekundu, na hakuwa analia.

— Nilikuwa kwenye mashine yangu, nimekupa mgongo. Nikakusikia unasema, kata, shemeji, kata! Kwa furaha. Nikajisemea moyoni, leo kaka amefurahi, lazima kazi imetoka nzuri. Nikaendelea.

Futikamba aliishika futikamba shingoni kama mtu anayetafuta pa kujishikiza.

— Nilikuwa na wafalme wawili, alisema.

Hakuna aliyemuuliza, alisema tu. Na Spana, Mungu amsamehe, hakuweza kujizuia.

— Ulishinda?

— Nini?

— Wafalme wawili. Ulishinda?

— Nilishinda, Futikamba alisema, na sauti ikamsaliti, maana ilikuwa na majivuno ndani yake. Aliisikia mwenyewe. Akaichukia, akamchukia Spana kwa kuuliza, akamchukia Jokeri kwa kutocheka, na akageuka kumtafuta mtu wa kumfokea, akakuta aliyebaki ni mdogo wake.

— Na wewe unanitazama hivyo kwa nini? Mumeo ndiye aliyeleta haya mambo humu ndani!

— Usinipigie kelele! Dada Ovaloki alisema, na kelele zake hazikuwa kubwa lakini zilimnyamazisha. Usithubutu! Miezi minane ya kupunguza suruali, kodi ya duka mara mbili ililipwa na nini? Na hiyo simu. Ukanyamaza, ukaipigia msumari ratiba yake ukutani kwa nyundo yako mwenyewe. Leo unamfukuza, haya, mfukuze! Lakini mimi sijui nikasirike na nani. Mmoja ana masharti matatu, mwingine ana sheria yake ya miaka kumi na tisa. Na mliyafuata! Hilo ndilo linaloniua. Hakuna aliyevunja hata moja. Simu haikugusana na mkasi, mkaguzi alisimama mahali pake, neno la kata likatamkwa. Kila kitu mlifanya sawa, kasoro kutazama!

Jokeri alisogea kama anataka kumshika bega. Akarudisha mkono.

— Nitakesha na hivi vilivyobaki, alisema. Kuna makombo ya kitambaa. Labda mikono sita itatoka, labda minane.

— Minane katika arobaini! Futikamba alisema. Nenda kawape zahanati waigawane kwa zamu!

— Unafoka nini, kaka? Bado unafoka nini?

Hasira yote ile aliyotoka nayo ndani, iliyokuwa na jina na anwani tangu mchana, sasa imesimama katikati ya barabara haijui ipite njia gani. Alitamani Jokeri angekuwa mkali kidogo tu, ampate.

— Hodi hapa.

Wote waligeuka. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama kando ya jiko la Bi Birika, viatu vyeupe, faili kwapani, ametabasamu kama mtu aliyefika mahali pa heri. Hakuna aliyemjua.

— Karibu, mama, Bi Birika alisema. Kahawa?

— Ahsante, nikipata nusu kikombe nitashukuru. Natoka zahanati. Kwa fundi wa makoti ndipo hapa?

Hakuna aliyejibu, na mwanamke akauchukulia ukimya wao kuwa ndiyo. Aliinama, akaiokota ile mikono miwili chini, akaikung'uta vumbi, akaikunja mmoja juu ya mwingine kwa adabu, akaketi, akaiweka benchini kando yake.

— Mmeshaanza kukata, vizuri. Kitambaa kizuri. Lile koti la mfano mlilotuletea, mganga mkuu amelivaa siku mbili hataki kulivua. Alisema hakuna haja ya kungoja Ijumaa, nilete karatasi za mwaka mzima leo.

Alifungua faili kwenye mapaja. Karatasi zilikuwa nne, zimepigwa mihuri, na jina la duka limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Futikamba aliliona kichwa chini kutoka pale aliposimama, akalisoma mara mbili. Jokeri naye alilisoma. Dada Ovaloki alikunja mikono kifuani, akaegemea mwimo wa mlango.

— Nimewajazia kila kitu ili nisiwachoshe, mwanamke alisema. Idadi, tarehe, rangi. Imebaki nafasi moja tu. Fundi wetu wa zamani, kusema kweli, alituumiza, makoti yakija yana kasoro, ukimuuliza fundi anasema ni mkataji, ukimuuliza mkataji anasema ni fundi. Kwa hiyo safari hii wakubwa wanataka jina moja. Mtu mmoja tu. Anayekagua kazi kabla haijakatwa.

Akachomoa kalamu, akaiweka kwenye ule mstari mtupu, akainua uso.

— Niandike nani?

Spana alirudi kwenye gurudumu lake, akaanza kulizungusha polepole bila kulitazama. Mwalimu, anayesahihisha kila mtu, alichungulia ndani ya kikombe chake. Jokeri alimtazama shemeji yake, na hakukuwa na lawama machoni mwake, alikuwa anangoja tu. Futikamba alijaribu. Jina lake mwenyewe lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, kwa miaka kumi na tisa asingelifikiria hata sekunde moja, na akakuta halitoki. Akajaribu la Jokeri, nalo halikutoka. Mdogo wake hakumsaidia.

Mwanamke aliwatazama mmoja mmoja, tabasamu likaanza kupungua. Kalamu ilikuwa bado pale kwenye mstari.

— Jamani, alisema, kwani nimeuliza kitu kigumu?